Paka wa Ayuma

Amalemba, Kakamega
17 Mei 1964

Mpendwa dada Navalayo,

Pokea salamu zangu nyingi wewe, shemeji Protus na watoto. Natumai mnaendelea vyema huko Lugari, kwenye shamba la mzungu mlilogawiwa, na kwamba mvua imeyafaa mahindi. Mimi nipo. Sina homa, basi tuseme ni mzima.

Uliniuliza habari ya yule mtoto wa paka niliyekuahidi, wa kuwafukuza panya ghalani mwenu. Dada, usimngoje.

Unamkumbuka paka wa marehemu mke wangu. Ayuma alipokwenda kuuguzwa kwa mama yake pale Shirere alimbeba kikapuni, na baada ya mazishi paka akakataa kutoka. Akazaa vitoto vinne nyuma ya mafiga, jikoni kwa mama mkwe. Siku moja akatoka asirudi tena. Vitoto vikaanza kuugua: macho yameshikana kwa usaha, makamasi yanavitoka, kisha vikaanza kuharisha.

Mama mkwe haoni vizuri. Akamtuma jirani yake Priscah aniambie kwamba mchanja ng'ombe wa Serikali hawezi kushindwa na paka. Ofisini walinicheka, wakasema kumbe Uhuru umekuja ili Hezekiah awe daktari wa paka. Nilicheka nao. Lakini mimi na Ayuma hatukujaliwa mtoto, nawe wajua. Mimi na mama yake hatukuwa na kingine cha kushikilia ila vile vitoto.

Tatizo likawa heshima. Mtu haingii jikoni kwa mama mkwe wake, wala hawatazamani usoni. Basi kila asubuhi yeye alivitoa motoni ndani ya kikapu, akakiweka chini ya upenu, akarudi ndani na kufunga mlango. Mimi nikaviosha macho kwa maji ya chumvi na kuvilisha maziwa ya mbuzi kwa kitambaa, huku mvua ikitupiga. Nikimaliza nakohoa na kuondoka, naye anakuja kuvichukua. Nilimwomba Priscah anisaidie kuvihudumia kule ndani, akasema paka wa marehemu yeye hawagusi.

Ile baridi ndiyo iliyokuwa ikiviua, na mimi nilijua, maana ndiyo kazi yangu. Kimoja kikafa, kikafuata cha pili, na cha tatu. Ningesemaje? Kusema vibaki motoni ni kusema mimi niingie.

Sasa dada, hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Jana kikapu hakikutoka. Nilingoja chini ya upenu, mlango ukabaki wazi, kisha nikamsikia mama mkwe akiniita kwa jina langu, niingie. Nikaingia. Nilipiga magoti upande mmoja wa mafiga, yeye upande wa pili, tukatazamana. Kile cha mwisho nilikisugua kifua, nikakipulizia puani. Kilinifia mkononi maziwa yangali moto.

Nilidhani atalia. Badala yake akaniambia kwamba siku Ayuma alipokuwa akikata roho katika chumba cha ndani, mimi nikiwa nimesimama uani, Ayuma aliniita. Akaniita tena. Na ni yeye mama yake aliyemwekea kiganja mdomoni, nisije nikasikia nikaingia, tukavunja mwiko wote wawili. Akasema jana aliniita badala ya Ayuma.

Nilimshika mkono, dada, mkono wa mama mkwe, tukalia mpaka moto ukazima.

Tafadhali mwambie Baba taratibu, akiwa amekula ameshiba. Wazee wakitaka mbuzi wa kututakasa, nitamtoa. Wakikuuliza kama najuta, waambie najuta sana, ila si kwa kuingia.

Wasalimie watoto wote, na shemeji umwambie atafute paka kwingine. Mniombee.

Ni mimi mdogo wako,
Hezekiah