Nimeshakula, Asante

Temeke, 4 Machi 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje na mvua hizi? Mimi ni mzima, ila uchovu. Naamka nimechoka kama mpagazi wa bandarini, na kazi yangu ni kujaza karatasi za makontena nimekaa kitini. Ngazi za ofisini Kurasini napumzika mara mbili. Nimepima malaria, taifodi, sukari. Hawaoni kitu.

Ndizi na maharage uliyotuma kwa basi yalifika. Nilipika siku ileile, tamu sana. Usiwe na wasiwasi, nakula.

Mwanao,
Revelian

Muleba, 19 Machi 2024

Mwanangu waitu,

Marahaba. Magoti ni yaleyale, tumezoeana. Tangu tumzike mkeo Sekela, mwaka sasa, kila barua umechoka. Mimi na miaka yangu sabini na moja bado napalilia migomba! Nimewaambia wanajumuiya wa kanisani, tunakuombea novena, sala ya siku tisa, leo siku ya nne. Shangazi yako anasema umerogwa. Nimemwambia afunge mdomo, lakini na mimi nimeanza kuwaza.

Jibu upesi.
Mama yako

Muleba, 15 Aprili 2024

Revelian,

Hujajibu. Salamu nitakupa ana kwa ana. Nimekata tiketi ya basi la Alhamisi, tarehe 2 Mei. Nakuja kukurudisha nyumbani, magoti yakipenda yasipopenda.

Mama yako

Temeke, 21 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo. Barua hii nampa dereva wa basi ikuwahi. Simu nimeiogopa: husikii vizuri, na jambo hili siwezi kulipigia kelele nyumba nzima ikasikia.

Juzi nilirudi hospitali. Tabibu, binti mdogo tu, hakuniuliza kama nakula. Alisema, “Baba, jana umekula nini? Nitajie.” Nikataja chai. Akasubiri, kalamu mkononi. Nikataja andazi. “Na juzi?” Nikabaki natazama viatu vyangu. Akasema huenda uchovu wote huu ni mwili unaokosa chakula. Nile mwezi mzima kwanza, nisipopata nafuu tutafute mengine.

Mama, si kwamba sina. Gesi ipo, mchele upo. Ila Sekela alikuwa akishapakua ananitazama mpaka niseme chumvi imekaa, ndipo naye aanze. Sasa nikipika nakaa mbele ya sahani, sina wa kumwambia. Nafunika. Zile ndizi zako zilioza. Nilizitupa alfajiri majirani wasinione.

Jirani yangu, Mama Godlisten, kila jioni wakila barazani ananikaribisha. Namjibu, “Asante, nimeshakula.” Mwanaume mwenye kazi yake aseme nini? Na nyinyi huko mmepiga magoti siku tisa kwa ajili ya mtu mwenye njaa. Sijui nitawatazamaje usoni.

Jana alinikaribisha tena, mdomo ukajibu wenyewe. Nikafika mlangoni kwangu, nikaingiza ufunguo, nikashindwa kuuzungusha. Nikarudi.

“Mama Godlisten, nimekudanganya. Sijala.”

“Leo?”

“Tangu msiba.”

Akasogea kwenye mkeka. “Kwani nani alikuamini? Mtu aliyeshiba haangalii sufuria hivyo. Nawa mikono.”

Watoto wakacheka. Nilikula ugali na dagaa machozi yananitoka, nikasingizia pilipili.

Waambie wanajumuiya ukweli, au usiwaambie. Ila usije kuumiza magoti yako kwa aibu yangu.

Mwanao,
Revelian

Muleba, 26 Aprili 2024

Mwanangu,

Marahaba. Ndizi zinaota nyingine.

Nimewaambia. Nikatamani ardhi inimeze. Ndipo bibi Apolonia akauliza, “Kwani mkate wa kila siku tunauomba wa nini, kama njaa haiombewi?” Basi wameongeza siku tisa nyingine.

Tiketi sirudishi. Sikuchukui tena. Nakuja tule.

Mama yako