Karatasi ya Kuondoa Matanga

Jumatatu, 6 Mei

Mikono kumi na miwili ya mashati ya shule kabla ya saa nne. Umeme ukakatika, nikaendelea na mashine ya mguu. Afadhali. Leo mguu wangu ulikuwa unatafuta kitu cha kukanyaga.

Juzi Jumamosi tumeondoa matanga ya Baba kule kijijini Luberizi. Mwaka umetimia. Misa nzuri, watu wengi, pombe ya kutosha. Halafu baba mdogo Gaspard akazungusha daftari. Orodha ya waliokuja kuondoa matanga, alisema, kila mtu aweke saini yake. Watu wakaweka, huku wanakula. Mimi ni mshonaji, sikati kitambaa kabla ya kupima. Nikasoma ukurasa wote. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: mimi, binti pekee wa marehemu, nakubali kwamba shamba la mpunga linarudi kwa mdogo wake, nami nitapewa igiseke.

Igiseke! Kipande wanachomwazima binti alime mpaka afe, kisha ndugu wa kiume wakichukue tena. Shamba ambalo Baba amelilima tangu sijazaliwa, na hakuna mtoto mwingine.

Nikarudisha daftari bila saini. Baba mdogo akapaza sauti wageni wote wasikie: "Weye mutoto, unataka kutuletea haya siku ya leo? Mwanamuke haritiaka shamba." Nikamjibu tutaonana tribinali, mbele ya hakimu. Akacheka. "Enda. Utawaonyesha nini?"

Hasira haijaisha. Sitaki iishe.

Jumanne, 14 Mei

Cheti cha kifo cha Baba ninacho. Cheti changu cha kuzaliwa nimekipata état civil, ofisi ya vizazi na vifo, baada ya kwenda mara nne. Leo tribinali. Karani wa masijala ni mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hana haraka, ila hana dharau.

Kumbe baba mdogo ameshanitangulia. Ameandika kwamba Babu alipokufa shamba halikugawanywa. Ni la ukoo, Baba alikuwa analiangalia tu kama mkubwa. Kama ni kweli, karani alinieleza, shamba halimo katika mali ya Baba, na mimi sina cha kurithi. Kama si kweli, lazima kuna hukumu ya mirathi ya Babu. Niilete.

Sasa nimeelewa kile kicheko. Makaratasi mengi ya zamani ya masijala yaliloa ziwa lilipofurika. Baba mdogo anategemea maji yamshindie kesi.

Na mimi nitafungua kila kitabu kilichopona.

Jumatano, 22 Mei

Mara ya tatu masijala. Vitabu vimevimba, kurasa zimeshikana, vinanuka samaki. Nimetafuta jina la Babu mstari kwa mstari, mwaka aliokufa, mwaka wa kabla, miaka miwili ya baada. Hakuna. Mteja mmoja amechukua kitambaa chake, kampelekea fundi mwingine. Aende.

Nimerudi nyumbani nimemkuta Shangazi Veneranda mlangoni, na unga wa muhogo kichwani. Dada yao Baba na Gaspard, ndiye aliyenilea Mama alipofariki. Analima kile kipande kikavu pembeni ya shamba letu, karibu na barabara, ambako maji ya mfereji hayafiki. Igiseke yake. Hajui kusoma. Akaniambia: "Wacha mwanangu, utagonjwa bure. Ukuje tu tulime pamoja pale kwangu, patatuenea."

Hapatuenei. Hata yeye peke yake hapamwenei. Upole wake umenikera kuliko kicheko cha baba mdogo. Nimemsonya, kisha nimeona aibu nikampikia chai.

Ijumaa, 31 Mei

Nimepata!

Nilikuwa nafunga kitabu nijiendee, karani akaniuliza nani alileta kesi wakati ule. Nikasema Babu. Akanitazama juu ya miwani. "Babu yako si alikuwa amekufa, mama? Mufu haletaka kesi." Vitabu vinafuata jina la aliyekuja kuomba, si jina la marehemu. Zaidi ya wiki mbili nimemtafuta maiti kwenye orodha ya walio hai. Nikatafuta jina la Baba. Dakika kumi.

Hukumu ipo, muhuri upo. Shamba liligawanywa sehemu tatu. Sehemu ya chini ni ya Gaspard, aliyowauzia watu wa Nyakabere nikiwa shule ya msingi, naikumbuka hata pikipiki aliyonunua. Sehemu ya katikati ya Baba. Sehemu ya juu, kwenye mfereji, ile yenye maji mwaka mzima, ya Veneranda.

Ya Veneranda.

Nyuma yake kuna karatasi ya pili, imeshikizwa kwa pini yenye kutu. Tarehe ya siku walipoondoa matanga ya Babu. Veneranda anamwachia kaka yake mkubwa sehemu yake, naye anapewa igiseke. Chini kuna kidole gumba. Imeandikwa kwa mkono.

Mkono wa Baba. Ile herufi G yake yenye mkia mrefu. Ndiye aliyenifundisha kuiandika.

Karani aliniuliza kama nimefurahi. Nikasema ndiyo.

Jumapili, 2 Juni

Sikwenda misa.

Jumatano, 5 Juni

Baba mdogo amekuja dukani. Amekaa kwenye kiti cha wateja, kofia magotini, mpole kama padri. Amesikia nimepata faili. Hakukana hata kidogo, wala hakuona haya.

"Minye nilikuwa pale," alisema. "Nilikuwa mushahidi. Nikifungua kinywa, nikisema kile kidole kilitiwa namna gani, shangazi yako atakamata sehemu yake, na jina ya baba yako itachafuka. Nikinyamaza, unabakia na yote. Basi tugawane, weye nusu, minye nusu. Yeye tutamuachia igiseke yake, ameshaizoea."

Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema, nisije siku moja nikajidanganya kwamba nilisikia vibaya.

Niseme ukweli, hapa hakuna anayesoma. Kwa pumzi moja hivi niliwaza. Sehemu mbili, na moja ina maji. Ningeacha kushona mashati ya watoto wa watu. Kisha nikaona jinsi anavyoningoja, ametulia kabisa, kama mtu anayemjua Baba na anadhani kwa hiyo ananijua na mimi.

Nikamwambia asijisumbue kufungua kinywa. Nitafungua changu. Nikampa kofia yake iliyokuwa imeanguka, nikawasha mashine. Ilibidi nishone kitu. Nimeshona kola nyuma mbele.

Alhamisi, 13 Juni

Luberizi. Shangazi alikuwa anapalilia. Nimemsomea nakala za karatasi zote mbili, polepole, tumesimama kwenye jua.

Alinikatiza. "Ile karatasi? Si ilikuwa ya matanga?"

Akaeleza. Siku ile alipika tangu alfajiri. Daftari likafika jikoni, mikono yake ina unga, akafuta kidole kwenye kitenge akakiweka. Kila mtu alikuwa anaweka. Siku ya kuondoa matanga mtu haulizi, anaitikia. Baadaye Baba akamwonyesha kile kipande, naye akamshukuru. Na tangu hapo, kila mavuno, kikapu cha kwanza alimpelekea Baba. Nakikumbuka kile kikapu. Nimekula kilichokuwamo maisha yangu yote.

Akauliza nani aliandika. Nilitaka kusema sijui. Nikasema Baba.

Akanipa mgongo akaendelea kupalilia. Sikuwa na jembe, nikang'oa majani kwa mikono kwenye mstari wa pili. Tukapalilia saa nzima. Baba, ningekuwa na wewe leo ningekugombeza mpaka majirani watoke nje. Nakupenda na nimekukasirikia, na hakuna kimoja kinachopunguza kingine.

Nilipoaga, Shangazi akasema bila kugeuka: "Nitakuja kule tribinali. Nitavaa viatu."

Jumanne, 2 Julai

Amevaa viatu. Vyeusi, vya kuazima, vinambana. Amekaa mbele kabisa.

Hakimu alianza na baba mdogo. Akarudia yale yale, shamba halikugawanywa kamwe. Hakimu akafunua faili, akamuuliza: kama halikugawanywa, watu wa Nyakabere uliwauzia nini? Baba mdogo akaketi, kofia mkononi.

Kisha mimi. Nimesimama nimesema yote. Kwamba mimi ni mtoto wa marehemu na nataka sehemu ya marehemu, yote, bila kuazimwa na mtu. Kwamba sehemu ya juu si yake na siidai. Kwamba karatasi ya pili iliwekwa kidole jikoni siku ya matanga, hakuna aliyeisoma kwa sauti, na aliyeiandika ni baba yangu mzazi. Nyuma mzee mmoja wa ukoo akaguna kwamba namvua marehemu nguo mbele ya watu. Nikageuka nikamtazama mpaka akakohoa.

Shangazi aliulizwa kama kidole ni chake. "Ni kyangu. Lakini maneno hayakukuwa yangu."

Karani aliandika hivyo hivyo. Nilimwona.

Ijumaa, 19 Julai

Hukumu imetoka. Sehemu ya Baba ni yangu, na mimi ndiye msimamizi wa mirathi. Karatasi ya pili imefutwa, sehemu ya juu ni ya Veneranda. Nimetaka nakala mbili, zote na muhuri. Ya kwangu nimeiweka ndani ya droo ya mashine, chini ya nyuzi.

Ukoo hautanialika harusi mwaka huu. Sawa. Watakuja wenyewe nguo za harusi zikiwabana.

Jumamosi, 27 Julai

Luberizi tena. Mpunga umeshavunwa, shamba ni mabua tu. Tumepima kwa kamba, Shangazi na mimi na jirani mmoja. Baba mdogo alipita barabarani kwa pikipiki, hakusimama.

Shangazi alitembea kando ya mpaka wake mara tatu, peku. Pale mfereji unapoingia akainua ubao unaozuia maji, akatazama maji yakiingia, akaushusha. Hakuna cha kumwagilia bado. Nadhani alitaka tu kuona ubao unamtii.

Msalaba wa Baba unaonekana kutoka pale.

Tulipokaa kupumzika aliniona na daftari hili. Akauliza ninaandika nini. Nikamwambia mambo yangu tu. Akataka niandike na la kwake. Nikaandika alivyonitajia: kutoka mferejini mpaka kwenye jiwe jeupe, ni shamba la Veneranda, alipewa na baba yake.

Akaniambia nisome. Nikasoma. Akaniambia nisome tena, toka mwanzo, nisiruke. Nikasoma. Akasogeza macho kwenye mstari kama anayehesabu maneno. Kisha akachukua kalamu yangu, akaisugua kwenye kidole gumba mpaka kikawa cha buluu, akakiweka.

Kipo hapa chini. Wino umepenya mpaka ukurasa wa pili.