Siku Mkwe Alipoinuka

Nyumba ya mwisho,
nyuma ya kiwanda cha mbao.
Jumamosi, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mwanangu,

Hujambo huko uliko? Kifua je, kimepona, au bado unakohoa na kunidanganya kwenye simu kwamba ni vumbi? Vaa sweta. Najua siku hizi una watu chini yako kazini wanaokuamkia, lakini mimi ni shangazi yako na nitakuambia uvae sweta mpaka nizikwe.

Sisi huku tunashukuru. Baba yako mgongo umemwachia, amerudi kiwandani na maringo yake yote. Bibi yako mzima, ila vidole vimezidi kukakamaa. Kikombe anakishika kwa mikono miwili, na ukijitia kumsaidia anakutazama mpaka ujute.

Sasa habari. Mkwe amezaa! Ndama jike, mweusi, ana doa jeupe puani kama aliyechungulia unga. Mama yake unamkumbuka, tulimwita Mkwe kwa kuwa hataki kusogelewa bila adabu. Alizaa Jumatatu mchana, bila taabu, akasimama kumlamba mtoto wake kama vile si yeye aliyekuwa akigumia.

Na unaijua nyumba yetu, maziwa hayabakizwi kiweleni. Babu yako, Mungu amrehemu, alitufundisha kukamua mpaka tone la mwisho, na mikono yake nimeirithi mimi. Basi jioni ile, ndama ameshashiba, nikaketi kwenye kigoda nikakamua, nikakamua, mpaka kiwele kikalegea kama mfuko mtupu. Ndoo nzima ya dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya njano. Nikatoka bandani kifua mbele. Nilitaka hata nikupigie picha.

Jumanne asubuhi nikamkuta yuko chini. Miguu ameikunja, shingo ameipinda, kichwa amekilaza ubavuni. Nikamshika masikio: baridi! Pua kavu. Nikamsukuma, nikambembeleza, nikamtukana. Wapi! Alinitazama kama mtu asiyenijua.

Mwanangu, nilimfikiria mama yangu. Tangu Babu yako atutoke, Bibi anaamka kwa ajili ya huyu ng'ombe. Watu wanakuja na chupa zao asubuhi, wanamsalimu, wanampa umbea wa mtaa mzima, naye anapimia maziwa na kutoa hukumu. Mkwe akienda, nani tena atapita kwenye geti letu kumtafuta kikongwe?

Baba yako akampigia daktari wa mifugo. Kabla daktari hajafika, akafika Robotatu, muuza nyama wa hapo kona. Jina hilo walimpa wateja, na ukipima kilo yake nyumbani utajua kwa nini. Hakuna aliyemwita, na kisu alikuwa nacho. Akasema huyu hafiki mchana, afadhali achinjwe angali na pumzi. Bibi alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, mkono juu ya shingo ya Mkwe. Mimi nami nilikuwa nimeshachanganya maji ya moto na sukari nimmiminie mdomoni, ndipo daktari akaingia kwa kelele.

"Acha! Koo lake limelegea, hayo maji yataingia kwenye mapafu!"

Ni mwanamama mnene, mpole akishatulia, anavaa mabuti ya mvua hata jua likiwaka. Alimgusa Mkwe masikio, akasikiliza moyo, akasema ni homa ya maziwa. Nikamwambia homa gani hii, mbona ng'ombe baridi? Akasema jina tu ndilo la homa, mwili haupati joto. Ng'ombe akizaa, maziwa yanaivuta kalsiamu yote kutoka kwenye damu, na bila kalsiamu misuli haiwezi hata kuinua kichwa.

Akatoa chupa, akaipasha kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu, akaingiza sindano kwenye mshipa wa shingo. Halafu akageuka kumtafuta mtu mrefu wa kuishika chupa ile juu. Mrefu pale alikuwa mmoja. Basi ungemwona Robotatu, kisu amekiweka dirishani, mkono juu, anaambiwa pandisha, shusha, pandisha! Daktari hakuondoa sikio kwenye moyo wa ng'ombe. Dawa hii ikienda mbio, alisema, moyo unasimama. Robo saa nzima tukaikodolea macho chupa ile.

Kwanza ngozi ya ubavuni ikaanza kutetemeka. Kisha Mkwe akabeua, mbweu nzito ambayo sijapata kusikia nzuri kuliko hiyo. Pua ikatoa matone ya jasho. Nikashika sikio: joto lilikuwa linarudi, mwanangu, nalihisi hapa kiganjani! Chupa haijapoa vizuri, Mkwe akajivuta, akainua matako, akayumba, akasimama kwa miguu yake minne. Akamwaga kinyesi kwenye viatu vya Robotatu, kisha akamwita mtoto wake.

Mwili ulinisisimka wote. Chupa moja! Kitu unachoweza kukiweka kwapani! Nimeishi na ng'ombe miaka hamsini, nikadhani ninawajua, kumbe nilikuwa nawakamua tu. Robotatu machozi yalimtoka, akasema ni moshi. Moshi upi, jiko lenyewe lilikuwa limezimika.

Daktari akamchoma sindano nyingine chini ya ngozi, asije akaanguka tena, huku akiuliza jana yake nani alimkamua. Siku za mwanzo hakamuliwi mpaka mwisho, akasema, anakamuliwa kidogo tu, mwili upate nafasi. Aliyemkausha vile ndiye aliyemwangusha.

Nikafungua mdomo. Ulimi ukagoma.

"Mimi," akasema Bibi yako.

Na vidole vile! Visivyoweza kufunga kifungo! Daktari alivitazama, akanitazama mimi, halafu akamgombeza Bibi kwa upole, naye akaitikia ndiyo daktari, nimekosa daktari, kama mtoto wa shule. Mimi nimesimama pale na mdomo wangu huu mnaousifia, nimenyamaza kama gogo.

Baadaye nilimwuliza kwa nini. Akasema, "Mimi nikisemwa, nitasemwa miaka mingapi? Wewe ndiye unayekamua. Wakikosa imani na mikono yako, maziwa watanunua kwa nani?" Akaniomba nimletee ndama karibu, azisikie pumzi zake. Nilitoka nje nikalia.

Ng'ombe kumwona anafufuka kulinishangaza, lakini la mama yangu limenishinda kabisa. Tangu siku hiyo Robotatu anaiuza hadithi pamoja na nyama: kikongwe kazeeka, nusura aue ng'ombe. Jana mteja mmoja aliniuliza, Bibi akisikia, kama si wakati sasa mama apumzike na mambo ya bandani. Bibi akatabasamu, akampimia maziwa yake.

Nimeanza na wewe kwa kuwa uko mbali na huuoni uso wangu. Nikifunga bahasha hii nakwenda buchani. Leo Jumamosi, foleni inafika barabarani, na sauti yangu unaijua.

Nisalimie mkwe wetu na yule mtoto wenu asiyependa kula. Baba yako anakusalimu, Bibi anakubusu pande zote mbili. Mungu akulinde utokapo na urudipo, akupe watu wa kukufunika kama nilivyofunikwa mimi.

Akupendaye bila kupunguza,

Shangazi yako,
aliyemkamua Mkwe.