Punje Mbili za Tunda Moja

Bukoba, 1917

Kwa mwanangu Saleh,

Salamu nyingi. U mzima? Duka lako hapo Nyakakika linaendeleaje? Sisi huku, Alhamdulillahi. Mama Asia amepona homa, na analalamika kuwa barua zako ni fupi mno.

Wengi wanaojifunza Kiingereza hukosea jambo moja: hudhani neno likienea dunia nzima, basi na desturi yake ni moja kila mahali. Umeniuliza asili ya neno lao "coffee". Waarabu walisema qahwa. Waturuki wakalichukua, likapita kwa wafanyabiashara wa Ulaya mpaka Uingereza, nasi wa pwani tukasema kahawa. Mwingereza hulitumia kwa mti, kwa punje, kwa unga na kwa kinywaji. Wanyambo, wenyeji wa huko uliko, hawakuliazima. Wao wana emwani, tunda hilo hilo la kahawa, huichemsha na majani yenye harufu, huianika, kisha mgeni akifika hupewa aitafune.

Ndiyo maana barua yako ilinikosesha raha. Unasema jirani yako Mzee Byabato alikupa emwani, ukacheka, ukaitia mfukoni, ukamwambia kwenu kahawa hunywewa. Nawe ukaona ni mzaha alipojibu kwamba labda meno ya mwenye duka ni ya kuonyeshea wateja tu. Mbona basi tangu siku hiyo hakanyagi barazani kwako? Mwanangu, kuikataa emwani ni kuukataa udugu.

Sasa nikwambie nililokuficha. Marehemu dada yangu Mwanahalima alikuzaa hapo hapo Nyakakika, msafara wetu ukiwa njiani, akafariki asubuhi ile ile. Mimi mjomba wako nilikupakata, sijui nikulishe nini. Byabato, ambaye hata jina langu hakulijua, alipasua tunda moja la emwani. Ndani mna punje mbili. Akatafuna moja, akanipa ya pili, akasema mtoto huyu sasa ni wa kwao. Mkewe Kokwijuka alikuwa ananyonyesha, akakupokea. Ulinyonya kwake mpaka ukaota hayo meno. Alinisihi nisikwambie, kwani wema ukitajwa hugeuka deni. Lakini kila nikikuona umesimama, namshukuru Mungu, na naishukuru nyumba ile.

Mama Asia na Asia wanakusalimu sana.

Najua hujaitupa emwani ile. Leo hii nenda kwao, umwamkie mama yako Kokwijuka, kisha uitafune mbele yao.

Mjomba wako,
Hatibu bin Zubeiri