Kocha Aliyeshikilia Tu

Jumatatu, 6 Mei

Ndiyo, nawajua wote. Ndivyo nilivyomjibu Mkuu wa chuo leo, rangi bado mkononi, nimetoka kuandika bango la bucha. Anataka majina ya makocha wakuu wa timu ya kikapu ukutani, pembeni ya uwanja, kabla ya mahafali Jumamosi. Walimu wa zamani wote wameshahamishwa. Hapa Kasulu nimebaki mimi. Nikamtajia. Wa kwanza Mwalimu Komba, mtu wa Songea, hata kusalimia alikuwa anapiga filimbi. Wa pili Mwalimu Benedicto, alikwenda likizo Moshi, mpaka leo anapumzika. Wa tatu mimi. Wa nne Madamu Rehema, huyu aliyepo. Mkuu kacheka. Kazi ya kuandika kanipa mimi. Nimerudi naimba njia nzima. Jina langu ukutani, na rangi nachagua mwenyewe!

Jumanne, 7 Mei

Nimepeleka ngazi. Nimepewa karatasi. Majina matatu. Mimi simo.

Nikadhani wamesahau. Nikaenda ofisini. Mkuu hata macho hakuinua. "Wewe ulishikilia tu, bwana. Kushikilia siyo kuteuliwa."

Kushikilia! Benedicto alipopotea ni Mkuu huyuhuyu aliyeniita, nikiwa napaka rangi bweni: shikilia timu kidogo, mwalimu anakuja. Kidogo ikawa misimu miwili. Makere tulipigwa. Nyumbani tukapigwa, nakubali. Lakini Kibondo tulishinda, tena kwao, vijana wakanibeba mpaka kwenye gari. Komba Kibondo hakuwahi kushinda. Wala Benedicto.

Nimeumia. Sijala.

Alhamisi, 9 Mei

Nimeandika Komba. Nimeandika Benedicto. Nikaruka mstari mmoja, halafu Rehema. Mkono ulikataa kuwabananisha. Najidanganya kwamba kuna mtu ataona aibu.

Madamu Rehema kapita. Mtoto wa Tanga, hata akikugombeza unaona anakubembeleza.

"Kaka, hapa mbona pengo?"

Nikamwambia pengo hilo ndilo mimi. Hakucheka. Kaenda moja kwa moja ofisini. Nikabaki juu ya ngazi nasubiri, kama mwali anayesubiri posa.

Ijumaa, 10 Mei

Jibu kaleta mhudumu. Kwenye nafasi nichore mpira. Ipendeze.

Nimechora. Mkubwa, rangi ya chungwa, mistari yote. Namchukia Mkuu. Namchukia Benedicto na Moshi yake. Na mpira wenyewe umetoka vizuri, hilo ndilo linaniuma zaidi.

Jumapili, 12 Mei

Mahafali jana. Wageni wamepiga picha na mpira. Wawili kati ya vijana niliowafundisha walikuja, siku hizi ni walimu huko Kasanda. "Kocha! Kocha!" mbele ya watu wote. Mkuu akajifanya anasoma simu.

Leo mvua. Uwanjani hakuna mtu. Nimeenda kuchukua ngazi yangu, nimerudi.

Haya, wewe utakayeokota daftari hili, tufanye biashara. Historia ya makocha wote nakupa bure. Kaisimulie unakotaka, hata Munanila. Ila ukifika kwenye mpira, usiruke. Sema hapo palikuwa na mtu. Tumekubaliana?