Jina la Friji

Jumatatu, 6 Machi

Umeme ulikatika kazini, kwa dobi, saa nne, tukaruhusiwa kwenda nyumbani. Nikapita mlango wa nyuma. Wifi yangu alikuwa jikoni na jirani, anamtajia majina ya vyombo vyetu. Ndiyo mchezo wake tangu aachike na kurudi hapa kwa mama yake. Blenda ni Mlevi — kelele na kutetemeka. Tivii ni Mbea. Mashine ya kufulia ni Baba Mkwe, maana ikishaanza kunguruma huhama mahali pake. Yote nayajua, hata mimi huwa nacheka.

Jirani akauliza, na friji mbona mnaiita Bi Harusi?

Mimi niliambiwa ni kwa sababu ni nyeupe, na nilikuja nayo nilipoolewa. Miaka sita naona ni heshima! Leo nimesikia sababu yenyewe. Eti kwa nje imependeza, miaka sita imesimama palepale, ukifungua tumbo — baridi, hamna kitu.

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mama mkwe alikuwepo, anachambua mboga. Akasema tu, "Wewe mtoto, mdomo wako!" Naye anacheka.

Nikarudi nje. Nikapiga hodi kama mgeni.

Jumanne, 7 Machi

Karatasi moja tu ingewafunga midomo. Iko kwenye bahasha, ndani ya boksi la viatu vyangu vya harusi. Daktari ameandika wazi: tatizo ni la mume wangu, si langu. Mwaka juzi hiyo. Alilia njia nzima. Nisitiri, mke wangu. Nikamsitiri. Nikanywa madawa ya mama yake, machungu kama shubiri, na mgonjwa si mimi.

Sitasema. Aibu yake ni yangu.

Ila chai ya wifi nimeitia chumvi. Vijiko vitatu! Alitema mpaka ukutani. Moyo wangu ukatulia kama dakika tano hivi.

Alhamisi, 9 Machi

Anajua!

Nimemuuliza mume wangu tukiwa wawili: unajua kwa nini friji inaitwa Bi Harusi? Akaangalia soksi zake. Ah, ni utani tu. Umejua tangu lini? Tangu mwanzo, anasema, lakini wewe usitie moyoni. Halafu akatabasamu. Kidogo, upande mmoja wa mdomo, lakini nimemwona.

Yeye! Yeye wa kucheka tumbo langu!

Nimekunja nguo zake zote, nikazipanga vizuri.

Jumamosi, 11 Machi

Nimenunua feni. Ya kusimama, shingo ndefu.

Sheria ya nyumba hii, na aliyeiweka ni wifi mwenyewe, friji ikiwa imeshapewa jina: aliyeleta chombo ndiye anayekipa jina. Jumapili baada ya chakula, watu wote wamekaa, na sababu lazima itajwe kwa sauti. Haya. Jina ninalo: Bwana Harusi. Sababu nimeifanyia mazoezi kazini nikipiga pasi mashuka: usiku kucha inazunguka, inavuma, inajigamba, na asubuhi ukitazama — upepo mtupu. Mwenzangu wa meza ya pili alicheka mpaka akaunguza foronya.

Wakibisha, karatasi ipo. Mama mkwe atajisomea. Miwani nitamletea mimi mwenyewe.

Mkuki kwa nguruwe! Kesho waone kama kwa binadamu ni mtamu.

Jumapili, 12 Machi

Wameshakaa. Hata jirani amealikwa, wifi kampa kiti cha mbele. Feni iko katikati ya sebule. Nimewaambia nafuata waya wa umeme chumbani.

Boksi la viatu liko wazi kitandani. Mume wangu amenifuata, ameliona, amefunga mlango. Jasho linamtoka. Anasema iite chochote, iite hata jina la mama, nakuomba. Tena ananong'ona.

Nimemuuliza: na friji?

Akajifuta jasho kwa shati.

Nikamwambia nenda sebuleni, waambie sasa hivi jina lile life, na waambie kwa nini. Au niende mimi.

Wifi anapiga kelele huko, wifi yangu wee, feni itaota kutu, njoo uipe jina! Wanacheka.

Nimeketi, naandika, bahasha iko pajani. Nampa mpaka mwisho wa mstari huu. Mkono wake uko kwenye kitasa — lakini bado anaangalia sakafu