Mguu Ulioandikwa Mzima

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji. Goti limepunguza kiburi, au bado unapanda ngazi kwa kuzihesabu? Mimi nipo, ila kwa hisani ya mtungi wa hewa ulio kando ya kitanda. Daktari wa moyo, niliyemfundisha mwenyewe, juzi alinikwepa macho mara mbili. Nimeelewa. Mwandiko ukitetemeka usidhani ni ugonjwa tu. Nusu yake ni hasira.

Nakuandikia habari za mwanao. Amefeli tena mtihani wa mashine, na Jumatatu ni mara yake ya tatu na ya mwisho. Akifeli, upasuaji wa mishipa ya damu ndio basi.

Mashine yenyewe unaijua kwa kusikia tu. Mwanafunzi huvaa miwani mizito, hushika vipini viwili, akaona mbele yake mguu uliofunguliwa, mshipa ukidunda, damu ikiruka akikosea. Mgonjwa hayupo. Akili bandia iliyomo humpima kila akatapo, kisha hutoa alama. Imejifunza kwa nani? Kwangu. Waliilisha video na kumbukumbu za upasuaji wangu mia mbili na kumi. Wanafunzi waliniita Cherehani kwa wepesi wa kushona, nami kichwa kikavimba.

Mwanao hukwama kwenye kisa kimoja: mguu uliokosa damu saa tisa nzima. Anazibua mshipa, damu inarudi, kisha anachana utando unaobana misuli ya muundi, ili misuli ikivimba isijinyonge. Hapo mashine hupiga king'ora: jeraha lisilo la lazima! Alipolalamika, mkuu wa mafunzo alimjibu mbele ya wenzake kwamba mashine haina mpwa wala mjomba, na kama anamzidi Cherehani akafungue chuo chake. Wakacheka. Mmoja akamnong'oneza, dada wee, ifurahishe mashine upite, utachana kwa wagonjwa wa kweli. Akamjibu kwamba mkono ukizoezwa kuacha, utaacha.

Alikuja kwangu machozi yakimlenga, akaniuliza, mjomba, nimekosea wapi? Nikamwambia afuate anachofundishwa, ubishi haujamponya mtu. Akaniaga kwa adabu zote. Afadhali angenitukana.

Hakukosea, mdogo wangu. Kisa kile ni changu, cha miaka kumi na tisa iliyopita. Mgonjwa alikuwa fundi bomba. Nilizibua mshipa, nikashona mbiombio, nikaondoka bila kuchana. Muuguzi wa zamu alinifuata mara mbili akisema muundi umekuwa mgumu kama ubao. Nikamwambia ashike vidonge vyake, aniachie mguu wangu. Siku ya tatu tuliukata, juu ya goti. Fundi akanishukuru kwa kumwokoa roho! Nami katika daftari langu la matokeo, lile nililojivunia kwenye mikutano, niliandika: mguu mzima, ametoka akitembea. Kule kukatwa nikakuficha katika faili jingine, kama maradhi mapya. Mashine ikausoma uongo wangu ikauamini, na sasa wanaitukuza kana kwamba imeshuka mbinguni. Imetoka kwenye droo yangu!

Jana nilimwita mkuu wa mafunzo, nikampa lile daftari na lile faili nililolificha. Alisoma, akafuta miwani, akasema twende taratibu: madaktari sitini na mmoja wamefuzu kwa kisa hicho, kuna jina la chuo, na mzee unaumwa, pumzika. Pumzika! Nikamwambia karibuni nitapumzika hata anichoke. Alipotoka tu, nikamwita muuguzi anayeniuguza hapa, akatuma nakala kwa baraza la madaktari na kwa wote sitini na mmoja. Sijui kama baraza litawahi Jumatatu.

Lako ni moja. Mwambie mwanao achane. King'ora kikilia, achane. Wakimfelisha, wamfelishe akiwa sahihi, nakala ya faili iko ndani ya bahasha hii, akaiweke mezani kwao. Na umwambie, kwa sababu mimi sina uso wa kumwambia, kwamba siku ile aliponiuliza amekosea wapi, jibu nilikuwa nalo.

Nisalimie shemeji na wote wa nyumbani. Ukipata nafasi, njoo. Ukikasirika, njoo vilevile.

Ni mimi kaka yako